Jinsi ya kula raha siku ya msimu wa majani kupukutika: asubuhi nyumbani, mchana barabarani

Watu wengi wakiamua kwenda kuangalia rangi za majani wanaamka alfajiri kama wanawahi ndege, wanaishia kukutana na ukungu mtupu halafu saa nane wameshachoka wanataka kulala. Mimi nashauri kinyume, toka umechelewa na rudi mapema.

Hatua ya 1: Chagua siku
Kaskazini mwa ikweta msimu huu ni Septemba mpaka Novemba, kusini ni Machi mpaka Mei. Mchana ukianza kufupika mti unaacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, basi njano na chungwa zilizokuwa zimejificha humohumo kwenye jani zinajitokeza. Nyekundu ni habari nyingine, hiyo inatengenezwa msimu huuhuu kwa sukari iliyobaki kwenye jani, na inakolea mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na baridi ila isiwe ya kugandisha. Kwa hiyo ukiona siku kadhaa za hivyo zimefuatana, jipange. Na kama kuna utabiri wa upepo mkali nenda kabla yake, maana unaweza kuamka ukakuta miti iko uchi.

Hatua ya 2: Asubuhi usitoke
Chemsha kitu cha moto, kaa dirishani, simu weka mbali. Ukungu wa mabondeni unaondoka jua likishapasha ardhi, mara nyingi ni kuanzia saa tatu au saa nne huko, kwa hiyo hamna unachokosa. Ukichoka kukaa fagia majani ya mlangoni, yakilowa yanateleza balaa.

Hatua ya 3: Gari
Hapa usilipue. Pima upepo wa matairi kabla hujaendesha, yakiwa baridi, kwa sababu joto likishuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi upepo unapungua kama psi 1 (psi ndo kipimo cha upepo wa tairi). Namba ya kufuata ni ile ya kwenye stika ya mlango wa dereva, sio iliyochapwa ubavuni mwa tairi, ile ni kiwango cha juu kabisa tairi linachohimili. Kisha fungua boneti utoe majani yaliyojazana chini ya kioo cha mbele pale waipa zinapolala, hapo ndo hewa ya ndani inapoingilia na maji ya mvua yanapotokea, pakiziba maji yanaweza kuingia mpaka ndani.

Halafu futa kioo cha mbele kwa NDANI. Kile kiutando cha mafuta hukioni ukiwa kivulini, ila jua la msimu huu linakaa chini, likikupiga usoni kioo chote kinakuwa cheupe na hujui kilichopo mbele. Kikipata mvuke washa hita na esi kwa pamoja, esi inakausha hewa, na uzime ile batani ya kuzungusha hewa ya ndani.

Hatua ya 4: Njia
Achana na barabara kuu, chukua zile ndogo zinazopita mashambani na pembeni ya misitu. Endesha jua likiwa mgongoni au ubavuni, ila ukisimama geukia upande wa jua, jani linalopitisha mwanga ndo linawaka kweli, piga picha zako hapo. Ila usipaki juu ya majani makavu, ekzosi ikiwa ya moto inaweza kuyawasha.

Hatua ya 5: Mwendo
Polepole tu. Majani yaliyolowa yanapunguza mshiko wa tairi, yanafunika mashimo na mistari, na kwenye kona zenye kivuli lami inabaki imelowa hata kama kwingine kumekauka, kwa hiyo punguza kabla ya kona sio ndani ya kona. Ukikutana na trekta la mavuno vumilia, linakata kuingia shambani muda si mrefu, honi ya nini sasa?

Hatua ya 6: Geuza mapema
Anza kurudi lisaa limoja hivi kabla jua halijazama. Kulungu wengi wanapandana msimu huu na jioni ndo wanavuka sana, akipita mmoja usikanyage mafuta hapohapo, mara nyingi kuna mwingine anamfuata. Ukungu ukirudi weka dimu, fulu zinagonga ukungu na mwanga unakurudia mwenyewe machoni.