Somo: Kukusanya vitabu adimu vya picha za mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi Afrika Kusini

Wengi wanaoanza kukusanya vitabu vya picha za habari hununua kila kilichosifiwa. Leo Vietnam, kesho Iran, keshokutwa Prague, na baada ya muda rafu imejaa lakini mwenyewe hawezi kueleza kwa nini kitabu hiki kimekaa jirani na kile. Ushauri wangu ni huu: chagua msukosuko mmoja wa kisiasa, ukae nao mpaka uuelewe. Mimi nimekaa na Afrika Kusini, na somo hili limesimama hapo.

Historia hiyo imepita kwetu pia. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walijenga shule Mazimbu, Morogoro, na vitabu vilivyochapwa London kuisemea Afrika Kusini vilifika huku pamoja na watu wake. Siyo ajabu kukikuta kimoja kati ya Biblia kuukuu na vitabu vya hesabu.

Kanuni ninayoishika: tafuta kwanza kitabu kilichotoka wakati moto ungali unawaka. Mchapishaji wa mwaka 1967 hakujua kwamba Mandela angetoka gerezani 1990. Hakujua kama ubaguzi ungekufa. Kila neno aliloliandika, kila jina alilolificha ili mtu asikamatwe, linabeba hofu na matumaini ya siku ile. Toleo jipya huwa na picha safi zaidi na utafiti zaidi, nalo ni muhimu, lakini haliwezi kuchukua nafasi ya lile la kwanza.

Hatua ya 1: Vijue vitabu kabla ya kujua bei

Anza na *House of Bondage* cha Ernest Cole. Cole alizaliwa 1940 karibu na Pretoria, akafanya kazi katika jarida la Drum, kisha akapiga picha za maisha ya Waafrika chini ya ubaguzi kama hakuna aliyewahi kufanya: wachimba migodi waliopangwa uchi ukutani wakisubiri kukaguliwa, polisi wakidai pasi (vitabu vya kibali cha kutembea) njiani, treni zilizofurika, watumishi wa majumbani, watoto wakiandika wakiwa wamepiga magoti sakafuni darasani, watu waliofukuzwa kwao na kutupwa nyikani. Alifanikiwa kuandikishwa upya kama "Coloured", yaani chotara, na hilo likampa nafasi ya kutembea ambako Mwafrika hakuruhusiwa. Mwaka 1966 aliondoka nchini akidai anakwenda kuhiji Lourdes, Ufaransa. Kitabu kilitoka New York 1967 kwa mchapishaji Random House, kikafuatiwa na toleo la London la Allen Lane 1968. Nchini kwake kilipigwa marufuku. Cole hakurudi tena. Alifariki New York Februari 1990, siku chache baada ya Mandela kuachiwa. Mwaka 2017 familia yake ilikabidhiwa negativu zake (filamu za asili za picha) zipatazo 60,000 zilizokuwa zimehifadhiwa benki nchini Sweden, na mwaka 2022 Aperture wakatoa upya kitabu kile pamoja na sura ambayo haikuwa imechapwa, juu ya ubunifu wa watu weusi katika sanaa na muziki.

Nimemweleza Cole kwa urefu kwa sababu ukikielewa kitabu hiki kimoja, vingine utajua pa kuviweka.

Cha pili ni *Magubane's South Africa*, Knopf, 1978. Peter Magubane alikaa siku 586 katika chumba cha upweke gerezani, akapigwa marufuku kushika kamera, na alipofunguliwa akarudi kazini akapiga picha za maandamano ya wanafunzi wa Soweto, Juni 1976. Nakala zake bado hupatikana kwa bei ya mtu wa kawaida, na kwangu hilo ni jambo la kushangaza kwa kitabu cha uzito ule.

Cha tatu kinatuhusu moja kwa moja: *Portrait of a People* cha Eli Weinberg, London, 1981. Weinberg, mzaliwa wa Latvia na mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi, ndiye aliyepiga ile picha ya Mandela amevaa shanga shingoni mwaka 1961. Aliingia uhamishoni 1976 na alifia Dar es Salaam mwaka huohuo kitabu chake kilipotoka. Kilichapishwa na International Defence and Aid Fund, mfuko wa Kasisi John Collins wa kuwatetea na kuwasaidia waathirika wa ubaguzi. Mfuko huo ulitoa pia vitabu vyembamba vya jalada laini kama *Women Under Apartheid*. Vilitolewa vifanye kazi katika mikutano ya mshikamano, hakuna aliyevitunza kama mali, ndiyo maana nakala safi ni chache.

Malizia na *Beyond the Barricades*, 1989, kazi ya wapiga picha 20 wa humohumo nchini juu ya upinzani wa miaka ya 1980.

Hatua ya 2: Soma ukurasa wa hakimiliki

Huu ndio ukurasa wa nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Angalia mchapishaji, mji, mwaka, na maneno ya toleo. Vitabu vingi vya Marekani tangu miaka ya 1970 vina mstari wa namba (mfano 1 2 3 4 5) ambamo namba hufutwa kila kitabu kinapochapwa tena, na namba ndogo kabisa iliyobaki ndiyo chapa uliyoishika. Ukiona mstari unaanzia 4, hiyo ni chapa ya nne hata kama mwaka ni uleule. Random House wao walikuwa na utaratibu wao kwa miaka mingi: maneno "First Edition" pamoja na mstari unaoanzia 2 ndiyo chapa ya kwanza. Maneno hayo yakiondolewa, 2 ni chapa ya pili kweli. Wauzaji wengi hawalijui hili, na wanunuzi wengi wameacha nakala nzuri mezani kwa kutolijua.

Kitu kingine cha haraka: alama ya mistari ya kusomwa na mashine haikuwepo kwenye vitabu vya miaka ya 1960. Ukiletewa "kitabu cha 1967" chenye alama hiyo nyuma, umeletewa toleo jipya.

Hatua ya 3: Kagua kitabu chenyewe

Hesabu kurasa ukilinganisha na yaliyomo. Vitabu vya picha hukatwa, mtu akachomoa picha moja akaitia fremu, na usipofungua ukurasa kwa ukurasa hutagundua. Pitisha kidole kwenye mshono wa kati uone kama kuna ukingo wa karatasi iliyokatwa kwa wembe.

Kisha tazama jaketi, ile karatasi inayovalishwa juu ya jalada gumu. Kwa vitabu vya aina hii jaketi hubeba sehemu kubwa ya bei. Je, kona ya ndani yenye bei imekatwa? Je, imegandishwa kwa selotepu? Selotepu huacha doa la njano lisilotoka. Tafuta madoa ya kahawia, mawimbi ya maji, harufu ya ukungu, na vitobo vya wadudu kwenye uti (mgongo wa kitabu).

Ukinunua kwa njia ya intaneti, fahamu lugha ya wauzaji wa ng'ambo. Wakiandika "Good" maana yake kitabu kimechakaa ila kinasomeka. Kizuri kweli huandikwa "Fine" au "Near Fine". Omba picha ya ukurasa wa hakimiliki, ya uti, na ya pembe zote nne. Asiyetaka kupiga picha hizo, muache.

Hatua ya 4: Pa kutafuta

Wauzaji wa vitabu vya mitumba wa Posta na Samora, Dar es Salaam, na wale wa kandokando ya barabara za katikati ya Nairobi, wapo kila siku na wanakumbuka wateja wao. Usiwaulize jina la kitabu tu. Waeleze: "Nataka vitabu vikubwa vya picha, vya siasa, vya Afrika Kusini, hata kama vimechanika." Waachie namba ya simu. Familia zinazohama, wahadhiri waliostaafu, mashirika yanayofunga ofisi, vitabu vyao huishia hapo.

Mtandaoni, AbeBooks na eBay zina mengi. Tafuta kwa jina la mpiga picha na pia kwa jina la mchapishaji, maana muuzaji asiyejua alichonacho huandika vibaya jina la mtu.

Hatua ya 5: Bei na malipo

Angalia bei ambazo nakala zimeuzwa kweli, siyo zile zinazoombwa. Uliza gharama ya posta na ushuru kabla hujalipa; kitabu kizito kinaweza kugharimu posta kuliko bei yake. Chapa ya kwanza ya Cole yenye jaketi huenda kwa mamia ya dola. Vya mfuko wa Collins hupatikana kwa chini sana ya hapo, na kwa mtu anayeanza ningesema aanze navyo bila kusita.

Hatua ya 6: Utunzaji

Visimamishe rafuni wima, vikubwa kabisa uvilaze, visizidi vitatu kwa rundo. Mbali na ukuta wa nje, mbali na dirisha. Jaketi livalishe plastiki safi ya poliesta, siyo ile laini ya kufunikia madaftari ya shule, ambayo hunata na kunyonya wino. Unyevu wa hewa ukikaa karibu na asilimia 50 ni salama. Kagua mchwa na mende kila mwezi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Dar es Salaam): Shikamoo mwalimu. Nimekiona House of Bondage cha 1967 hakina jaketi, jalada limepauka, kurasa zote zipo. Anataka shilingi elfu themanini. Nichukue?

Jibu: Marahaba. Kichukue leo, usisubiri kesho. Bila jaketi thamani ya sokoni hushuka sana, lakini maneno na picha za 1967 ziko palepale. Kwa bei hiyo umepata zaidi ya ulicholipa. Na usinunue jaketi la kunakilishwa ukakivalisha bila kuandika ndani kwamba ni nakala. Atakayekuja baada yako atadanganyika.

Swali (Mombasa): Kaka, huku kwetu asilimia 50 ya unyevu ni ndoto. Vitabu vyangu vimeanza kunuka ukungu. Nivianike juani?

Jibu: Hapana dada, jua litapausha jalada na kukunja kurasa. Kitabu kilichoathirika kitenganishe na vingine. Kiache wazi kivulini penye hewa inayopita siku kavu, ukungu ukishakauka upangushe nje ya nyumba kwa brashi laini, umeziba pua na mdomo. Baadaye kiweke kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko pamoja na vifuko vya silika jeli (chembechembe za kunyonya unyevu), na vifuko hivyo uvikaushe upya kila vikishashiba. Usipulizie manukato wala usiweke karafuu ndani ya kurasa. Kurasa za kung'aa zikilowa zitenganishe mapema kabla hazijakauka. Zikikauka zimegandana hazitenganishiki tena.

Swali (Morogoro): Nimeuziwa kitabu chenye muhuri wa maktaba. Mkuu, ni halali?

Jibu: Tafuta muhuri wa pili unaoonyesha kimeondolewa rasmi. Kama haupo, wasiliana na maktaba hiyo, uwaeleze namba iliyoandikwa ndani. Kikiwa chao, kirudishe, hata kama utapoteza pesa. Vitabu vya maktaba vipo kwa ajili ya wanafunzi wasio na kitu. Kuvichukua rafuni mwao na kuvificha chumbani ni dhuluma kwa watu walewale waliomo kwenye picha.

Swali (Eldoret): Mwalimu, mimi ninacho Kenya Burning, kile cha kituo cha sanaa cha GoDown na mchapishaji Kwani Trust juu ya vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007. Nilikuwa hapa wakati ule. Siku nyingine nashindwa hata kukifungua, na nina watoto nyumbani. Nikiuze?

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Hulazimiki kukifungua. Kifunge kwenye karatasi isiyo na asidi, ukiweke juu wasikofika watoto, na siku wakiwa wakubwa ukae nao wewe mwenyewe wakati wa kukitazama. Lakini nakuomba usikiuze kwa haraka. Kitabu hicho kilitoka 2009, majeraha yakiwa mabichi, na nakala iliyo mikononi mwa mtu aliyekuwepo ina kitu ambacho nakala ya Ulaya haina. Ukipata nguvu, andika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni ulichokiona: mtaa, tarehe, nani alikuhifadhi. Iweke ndani ya jalada. Usiandike juu ya picha zenyewe, na usizirushe sura za majeruhi mtandaoni. Wengine wao bado ni majirani zako.

Swali (Lubumbashi): Jambo baba. Mimi napenda kuchagua Kongo ya 1960. Nianzie wapi?

Jibu: Jambo sana. Anza na Robert Lebeck, Mjerumani. Ndiye aliyeipiga picha ya kijana Mkongo akikimbia na upanga wa Mfalme Baudouin wa Ubelgiji katika barabara ya Léopoldville (Kinshasa ya leo), Juni 1960. Picha zake za safari ile zilitoka katika jarida la Kristall, halafu zikawa kitabu mwaka 1961, *Afrika im Jahre Null*. Kwa kuwa kimeandikwa kwa Kijerumani, wanunuzi wengi wa Kiingereza na Kifaransa hawakitafuti, na hiyo ni nafasi yako. Tafuta katika maduka ya vitabu vya zamani ya Ujerumani, omba picha ya kurasa za mwanzo, na uulize kama karatasi ya juu ya jalada ipo. Majarida ya Kristall yenyewe ya 1960 nayo yaulizie, kwa sababu humo ndimo picha zilipoonekana kwanza.