Kuzima na kuwasha ripita kwa simu ya mkononi

Ripita (mtambo wa redio unaopokea mawimbi na kuyarusha tena ili yafike mbali) ikikwama hewani, yaani ikarusha mawimbi mfululizo bila mtu kuongea, inaziba masafa kwa kila mtu na transmita inachemka hadi iungue. Kama mmeifunga vilima vya Pugu na wewe uko Mikocheni jioni, foleni haikuruhusu kuiwahi. Na usitegemee kuizima kupitia redio yenyewe: mara nyingi kinachoikwamisha ni kelele zilizojaa kwenye risiva, kwa hiyo amri yako haitasikika. Njia ya kuizima ipite kwingine kabisa, na simu inatosha.

Kwanza, laini. Isajiliwe kwa alama za vidole za mtu anayehusika na leseni ya redio kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Moduli ninayoeleza hapa, SIM800L, yaani kibao kidogo cha simu kinachobeba laini, ni ya 2G tu. Kwa hiyo kabla hujanunua, panda mlimani na simu yako, ifunge kwenye 2G, upige ukiwa palepale ripita ilipo.

Pili, vifaa. Zunguka Kariakoo utafute SIM800L, Arduino Nano (kompyuta ndogo ya kuendesha moduli), rilei ya volti 12 pamoja na transista na dayodi yake, kepasita ya mikrofaradi 1000, na vipunguza volti viwili. Kimoja kiweke volti 4 kwa moduli, kingine volti 5 kwa Nano. Vyote vipate umeme kutoka betri ya ripita, ili umeme ukikatika bado upokee simu.

Tatu, umeme wa moduli. Hapa usiharakishe. SIM800L inataka volti 3.4 hadi 4.4, na inapowasiliana na mnara huvuta hadi ampea 2 kwa mpigo mfupi. Choma kepasita karibu kabisa na pini zake. Gusisha mita kwenye pini hizo, kisha ipigie: volti zikishuka chini ya 3.4 moduli itajizima na kujiwasha, nawe utadhani mtandao ni mbovu. Tumia waya mnene na mfupi. Pia pini yake ya RX, inayopokea amri, haipendi volti 5 za Nano; zipunguze kwa rezista mbili: kilo-ohm 10 kutoka Nano hadi RX, na 20 kutoka RX hadi hasi.

Nne, rilei. Ikate waya wa PTT, ule unaoiamuru transmita irushe; usikate umeme wa ripita nzima. Tumia mguso ulio wazi rilei ikiwa imelala: rilei ikivutwa, PTT inapita, Nano ikifa au waya ukichomoka, ripita inanyamaza. Ripita iliyonyamaza haimsumbui mtu.

Tano, programu ya Nano. Kila mara moduli inapowaka, itumie amri AT+CLIP=1 ili uone namba inayopiga, na AT+DDET=1 ili isome vitufe. Namba ikiwa kwenye orodha yako, pokea kwa ATA. Isipokuwemo, kata kwa ATH. Namba ya mpigaji inaweza kughushiwa, kwa hiyo dai pia namba ya siri ya tarakimu sita kabla ya amri yoyote. Mimi hutumia 1 kuwasha, 0 kuzima, 5 kuuliza hali. Jibu lirudi kwa mlio kupitia AT+VTS: mmoja imezimwa, miwili imewashwa. Bila jibu hilo unabaki kubahatisha. Hali ya mwisho ihifadhiwe kwenye EEPROM, kumbukumbu ya Nano isiyofutika umeme ukikatika, ili ripita uliyoizima isijiwashe umeme ukirudi.

Sita, mezani kabla ya mlimani. Funga mzigo bandia wa ohm 50 badala ya antena, bana PTT irushe mfululizo, kisha izime kwa simu. Sikiliza na sauti ya ripita: ukisikia mngurumo wa tititi, ni mawimbi ya simu (GSM) yanaingia kwenye waya za sauti. Iweke moduli kwenye kasha lake la bati, antena yake itoke nje.

Baada ya kufunga, piga kila wiki na uulize hali. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na kampuni, kwa hiyo programu nayo ipige simu fupi kila mwezi. Weka vocha ya kutosha.