Kufungua na kusuka upya ekseli ya mbele ya Land Cruiser 80

Ukiona uji mweusi umelipaka lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu la mbele, usikimbilie kununua sili (mpira unaozuia oili) peke yake. Ni kweli sili ya ndani imepitisha oili ya difu (gia za ndani ya ekseli), oili ikachanganyika na grisi ya nakoli (kiungo kinachogeuka na gurudumu unapokata kona). Ila mara nyingi sili imeponzwa na kitu kingine, na hicho ndicho tunachokitafuta.

Kwanza. Pandisha gari, weka stendi chini ya ekseli, mwaga oili ya difu. Kalipa ifunge kwa waya, isining'inie kwa mpira wake wa breki.

Pili. Toa klipu kwenye ncha ya shafti, kisha legeza nati za flenji ya habu (kitovu cha gurudumu) bila kuzimaliza. Washa za koni (pete zenye umbo la koni chini ya nati) zitakuwa zimeng'ang'ania. Gonga flenji kwa nyundo ya shaba mpaka ziruke zenyewe. Nati kubwa za beringi zinataka soketi ya milimita 54. Wapo wanaozipiga kwa tindo, ndiyo maana nati nyingi zimeliwa pembe.

Tatu. Toa spindeli (bomba ambalo habu huzungukia), vuta shafti pamoja na Birfield (kiungo kinachoiruhusu shafti kupinda unapokata kona). Ukifika kwenye vifuniko vya beringi za nakoli, shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) za kila sehemu ziweke kwenye mfuko wake na uandike: kushoto juu, kushoto chini, na kadhalika. Ukizichanganya, utajuta.

Nne, kuosha na kukagua. Hapa usiwe na haraka. Pitisha ukucha kwenye shafti pale sili inapokaa. Ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja vilevile. Angalia njia za beringi za nakoli (bangili ambamo rola hupita): beringi hizi hazizunguki mzunguko mzima, zinayumba kidogo tu, kwa hiyo rola huchimba mistari palepale. Zikilegea, nakoli inacheza, shafti inahama katikati, na sili inaliwa upande mmoja.

Tano. Gonga njia mpya, rudisha shimu mahali pake, kaza. Kabla ya kufunga shafti na sili za nje, vuta nakoli kwa mizani ya springi kwenye tundu la tai rodi, ulinganishe na kitabu cha gari. Ikiwa nyepesi, punguza shimu; ikiwa nzito, ongeza.

Sita. Shindilia grisi ya moli (yenye molibdenamu) ndani ya Birfield mpaka itokee upande wa pili, kisha jaza nakoli kama robo tatu. Shafti ibebe kwa mkono inapopita kwenye sili. Meno yake yakiburuzika juu ya mdomo wa sili, kazi yote imekufa.

Mwisho, pumulio la difu. Ekseli yangu ya kwanza niliifungua mara mbili ndani ya mwezi mmoja, nikilaani sili, kumbe pumulio lilikuwa limeziba tope. Oili ikipata moto hewa inatanuka, ikikosa njia inapitia kwenye sili.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikikata kona mpaka mwisho inalia ka-ka-ka. Ninunue Birfield mpya zote mbili?*
Kama hazina ufa, jaribu kwanza kuzibadilishana, ya kushoto iende kulia. Zimelika zaidi upande unaosukuma gari mbele, ukizihamisha zinafanyia kazi upande ambao haujalika. Hamisha Birfield tu, shafti zenyewe hazilingani urefu.

*Fundi, grisi ya kawaida ya habu siwezi kuitumia kote?*
Kwenye beringi za magurudumu sawa. Ndani ya Birfield weka ya moli, pale chuma kinasuguana na chuma kwa mzigo mkubwa.

*Tangu nifunge matairi makubwa usukani unatetemeka vibaya nikipita shimo. Nimeshabadilisha dampa (shoku ya usukani), wapi!*
Dampa inaficha tu. Inua gurudumu, lishike juu na chini ulitikise, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukibaki hata breki ikiwa imekanyagwa, anza na beringi za nakoli. Ukiisha, kaza za gurudumu kwanza.