Namna ya kuyajua maneno ya Kiingereza ya waonja kahawa

Anayeanza kazi ya kuonja kahawa hapa Moshi huteswa na Kiingereza cha fomu ya kuandikia ladha kuliko kahawa yenyewe. Mwaka wangu wa kwanza niliandika "sour" kwenye sampuli nzuri sana ya mlimani, kwa kuwa kamusi ilisema ni uchachu. Ikatengwa pamoja na mbovu mpaka mwonjaji mkubwa alipoirudia. Neno lake lilikuwa "acidity", na hiyo ni sifa.

Tangu siku hiyo simfundishi mtu neno bila kumpa kitu cha kutia mdomoni. Kamulia nusu ndimu kwenye glasi ya maji, tia sukari kijiko kimoja, onja. Mate yanajaa, kisha mdomo unabaki safi: hiyo ndiyo "acidity". Ikiwa imechangamka vizuri, wanunuzi huiita "bright". Sasa nusa na uonje kidogo uji uliolala siku mbili. Hiyo ni "sour", na mara nyingi inatokana na kahawa kuvundikwa muda mrefu mno baada ya kumenywa.

"Bitter" na "astringent" wengi huzichanganya, na kumbe Kiswahili kimeshatupa jibu. "Bitter" ni uchungu. Tafuna mchunga au jani la mwarobaini. "Astringent" ni ukakasi. Ng'ata ndizi mbichi, au bibo kama kwenu ni pwani: ulimi unakauka, mashavu yanavutwa kwa ndani, meno yanakuwa kama yana vumbi. Hiyo si ladha, ni mguso. Mtoto wa Mtwara anaujua kabla hajaanza shule, amekosa jina lake la Kiingereza tu.

"Body" ni uzito wa kinywaji mdomoni. Nywa maji, kisha maziwa, huku ukisugua ulimi kwenye kaakaa. "Baggy" ni harufu ya gunia. Kahawa za Rwanda na Burundi nazo wakati mwingine huwa na kasoro iitwayo "potato". Menya kiazi kibichi, kinuse, hutaisahau.

Ukishazoea, kaa mezani. Gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa kwa mililita 150 za maji ya nyuzi 93 hivi. Subiri dakika 4, vunja utando wa juu kwa kijiko pua ikiwa karibu na kikombe, kisha uuondoe. Ikipungua moto, ivute kwa nguvu mpaka isikike, itawanyike mdomo mzima. Andika kwanza neno lililokujia lenyewe: ndimu, ukakasi, gunia. Kiingereza kitafute baadaye.

Onja tena ikiwa vuguvugu, maana moto huficha mengi. Ukipata neno jingine usifute la kwanza. Yaandike yote mawili, na kando yake uandike kahawa ilikuwa ya moto au imepoa.