Kuondoa kutu na kuziba matundu kwenye pikapu kuukuu ya Pwani

Pikapu inayofanya kazi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, hasa inayobeba samaki na barafu au kushuka ufukweni mara kwa mara, huliwa na kutu mapema kuliko ile ya Dodoma au Nairobi, kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi na hivyo huharakisha mabadiliko yanayogeuza chuma kuwa kutu. Chumvi hiyo pia huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo bodi huendelea kuoza hata wiki ambayo mvua haijanyesha. Maelezo haya yanahusu bodi ya Toyota Hilux ya zamani, ingawa Isuzu na Nissan za rika hilo huoza karibu mahali pale pale: vizingiti vya chini ya milango, sakafu ya kebini, kingo za madigadi na pembe za bodi ya mizigo.

Anza kwa kutafuta maji yanapoingilia, maana kiraka kizuri juu ya njia ya maji kitaoza kama kilichokitangulia. Ondoa kapeti zote, mwaga maji kwenye kioo cha mbele huku mtu mwingine akiangalia ndani, na kagua mpira wa kioo, kwani mara nyingi sakafu iliyotoboka chini ya miguu ya dereva chanzo chake ni mpira uliokauka huko juu. Kisha gongagonga bodi kwa nyundo ndogo. Bati zima hulia kwa sauti kali, lakini lililooza hutoa sauti nzito, na bisibisi ikisukumwa hapo kwa nguvu ya mkono huzama. Chora kwa chaki mpaka wa sehemu hiyo. Karibu kila mara mpaka huo huwa mpana kuliko malengelenge ya rangi yanayoonekana kwa nje.

Ikiwezekana, fanya kazi hii kabla ya masika, kwa kuwa chuma kilichoachwa wazi usiku mmoja katika hewa ya Pwani huamka na utando wa rangi ya machungwa. Osha gari kwa maji baridi na sabuni, pamoja na chini yake, uliache likauke kabisa, kisha fungua waya wa hasi wa betri. Vaa miwani na barakoa, kwani vumbi la rangi za zamani linaweza kuwa na madini ya risasi. Kwa grinda yenye diski ya msasa, ondoa rangi na kutu mpaka upite sentimita tatu hadi tano ndani ya chuma kizima. Brashi ya waya inafaa kwenye pembe, lakini hudanganya macho: huisugua kutu nyeusi iliyo ndani ya vishimo vidogo mpaka ikang'aa kama chuma safi. Tazama kwa mwanga wa upande, na ukiona madoa meusi, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, ambayo hugeuza mabaki hayo kuwa fosfati ya chuma. Fuata maelekezo ya kopo kuhusu kuisuuza, kwani asidi iliyobaki huizuia rangi kushika.

Penye tundu, usikubali fundi ajaze pati, yaani lahamu ya kusawazishia bodi, juu ya wavu au gazeti, hata akikuhakikishia kwamba wateja wake wote hawajarudi. Pati hunyonya unyevu, na kwa kuwa upande wa nyuma uko wazi, kutu huendelea kimyakimya mpaka kipande chote kibanduke. Kata sehemu iliyooza mpaka ufikie bati lenye unene wake wa kawaida, tengeneza kielelezo kwa karatasi ya boksi, kisha kata kiraka kutoka bati tupu la chuma la karibu milimita moja. Bati la kuezekea halifai: ni jembamba, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaoleta homa.

Kwa bati hili tumia mashine ya kuchomelea ya waya na gesi, kwa sababu vijiti vya kawaida hulitoboa upesi. Ondoa tangi la mafuta na mipira iliyo karibu, na uwe na ndoo ya mchanga au kizimamoto mkononi. Weka kwanza nukta chache zilizoachana, ukiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na uache kila nukta ipoe yenyewe. Ukivuta mstari mmoja mrefu, bati litajikunja na kunyoosha kwake kutakuwa kazi mpya.

Siku hiyohiyo, saga mishono na upake praima (rangi ya kwanza) ya epoksi, kwani praima ya kawaida hupitisha maji. Ziba mishono kwa gundi ya bodi. Baada ya hapo pati ni ya kusawazisha tu, isizidi milimita tatu, ikisuguliwa kwa msasa namba 80, kisha 180 na 320, kabla ya praima ya juu na rangi.

Chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba bodi, ni habari nyingine. Ikiwa chuma kinabanduka kwa matabaka karibu na vishikio vya springi au boksi la usukani, usifunike kwa rangi. Mpelekee fundi mwenye uzoefu wa chesisi, naye aamue kama inachomeleka.

Mwishowe, pulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti na milango, kisha zibua kwa waya vitundu vya kutolea maji. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huimimina humo, hufukuza maji kweli, lakini huharibu mipira na huchuruzika ardhini. Gari likitoka ufukweni, osha chini yake kwa maji baridi siku hiyohiyo, na mvua za kwanza za masika zikinyesha, inua kapeti uguse sakafu kwa kiganja.