Seli za betri ya laptopu iliyokufa zinavyogeuzwa kuwa taa ya sola

Betri ya laptopu ikigoma kukaa na chaji, ni nadra seli zote kuwa zimekufa. Betri ya kawaida ya seli 6 ina makundi matatu ya seli mbili mbili. Kundi moja likichoka, saketi ya ulinzi huizima betri nzima, na seli ambazo bado ni nzuri hutupwa pamoja na mbovu. Kobalti iliyomo ndani, ambayo nyingi huchimbwa kusini mwa Kongo, imetoka kwa jasho la watu. Itumike hadi iishe nguvu, ndipo ipelekwe kurejelezwa.

Maelezo haya ni ya seli za duara zenye kipenyo cha mm 18 na urefu wa mm 65, zile ziitwazo 18650. Seli bapa za laptopu nyembamba ziache, hutoboka kirahisi.

Fanyia kazi nje, vaa miwani, weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Fungua ganda kwenye mshono kwa bisibisi butu, bila kuchomeka ndani. Kata vibati vya nikeli kimoja kimoja. Mafundi wengi huungulia hapa: mwili wote wa seli ni hasi, hadi kwenye ukingo unaozunguka kitufe cha chanya. Plastiki ikichanika hapo, au kile kipete cha karatasi kikidondoka, waya wowote unaokatiza ni shoti.

Sasa pima kwa mita. Iliyo chini ya volti 2 usiijaribu kuifufua: shaba ya ndani imeshaanza kuyeyuka, na ukichaji hujijenga upya mahali pasipotakiwa, seli ikapata shoti yenyewe kwa yenyewe. Yenye kutu, unyevu au harufu tamu ya dawa, weka kando.

Zilizobaki zichaji moja moja hadi volti 4.2. Vuguvugu si tatizo. Ikiwa ya moto mkononi, chomoa. Kisha ziache wiki mbili bila kuzigusa. Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayofichua seli zinazovuja: iliyoshuka chini ya volti 4.0 haifai, hata kama jana ilionekana safi. Mwisho pima ujazo, yaani kiasi cha chaji ambacho seli inabeba. Ijaze tena, unga rezista ya ohm 8 yenye wati 5, ambayo huvuta takriban ampea 0.45, hesabu saa hadi volti zishuke kufikia 3.0, ukate. Saa 4 ni kama mAh (miliampea-saa) 1800. Chini ya saa 3, haina maana kuitaabikia.

Kwa taa chagua seli mbili zenye ujazo unaokaribiana, uziunge sambamba: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Kabla ya kuunga, tofauti yake isizidi volti 0.05, la sivyo moja itamwagia nyingine mkondo mkubwa ghafla. Chomelea kwenye mabaki ya vibati vya nikeli. Joto likikaa kwenye seli yenyewe huiharibu.

Chaja ni kibao kidogo cha saketi kiitwacho TP4056, chenye pedi (sehemu za kuungia waya) 6. Cha pedi 4 hakina ulinzi. Seli ziunge B+ na B-, taa OUT+ na OUT-. LED ya wati 1 iwekee rezista ya ohm 3.3 yenye wati 1. Paneli iwe yenye tundu la USB la volti 5. Ile iliyoandikwa volti 6, isipobeba mzigo, hupanda hadi 7 na kukichemsha kibao. Usiongeze seli ya tatu na ya nne kwa tamaa: kibao hutoa ampea 1 tu, na jua kali la siku moja hutosha mbili.

Seli zilizokataliwa zibandike selotepu pande zote mbili, zipange kwenye ndoo ya mchanga mkavu, mbali na nyumba, hadi zipelekwe kwa mkusanyaji mwenye kibali. Nairobi kuna WEEE Centre. Usizichome: moshi wake hubeba floridi ya hidrojeni, inayoharibu mapafu. Saketi ya ulinzi nayo ina shaba, ipeleke pamoja nazo.