Somo: Doa la manjano kwenye kopo la urojo

Assalaam alaykum, jamaa zangu. Litazameni kopo la plastiki mlilotilia urojo juzi. Limeoshwa, limesuguliwa, limeanikwa juani, na doa la manjano lipo pale pale. Doa hilo halikukaa juu. Rangi ya manjano, ile bizari ya urojo, hupenda mafuta, na plastiki nyingi nazo huvutana na mafuta, basi imezama ndani. Plastiki si ukuta usiopitisha kitu: manjano yaliingia, na vilivyomo ndani ya plastiki navyo hutoka vikaingia kwenye chakula.

Vinavyotoka ni kama fithaleti zinazolainisha plastiki, bisfenoli A ya plastiki ngumu ing'aayo, na stirini ya vile vibakuli vyeupe vyepesi kama sufi. Kwa mlo mmoja ni kiasi kidogo mno, wala sitaki mtu alale na hofu. Lakini hatuli mara moja. Bisfenoli A hujifanya homoni mwilini. Umoja wa Ulaya uliikataza kwenye chupa za watoto wachanga mwaka 2011, na mwaka 2023 wataalamu wake wa usalama wa chakula wakakishusha kiwango cha kuvumilika kwa siku mara 20,000.

Vinavyozidisha uhamaji huo ni moto, mafuta, ukali na muda. Urojo una moto, una ukali wa embe na ndimu, na mafuta ya bajia yanaelea juu yake.

Hatua ya kwanza: kipindue chombo. Chini utaona pembetatu yenye namba. Namba 1 ni chupa za maji, 5 ni makopo mengi ya chakula yanayostahimili joto, 6 ni vile vibakuli vyeupe, na 7 ni mchanganyiko, hata ile yenye bisfenoli A imo. Namba inataja aina ya plastiki tu, haikupi ruhusa. Alama ya gilasi na uma ndiyo inayosema kimetengenezwa kwa chakula.

Hatua ya pili, na hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: moto uishie kwenye chuma au udongo. Mafuta ya karai hufika nyuzi 170 na zaidi, na polistirini ya vibakuli vyeupe huanza kulainika karibu na nyuzi 100. Bajia zichujwe kwenye sinia la chuma kwanza. Anayebeba urojo wa moto apewe bakuli la bati, au aje na lake.

Hatua ya tatu: achari, siki na ukwaju viwekwe kwenye chupa za gilasi. Achari hukaa miezi, na muda wote huo ukali unafanya kazi.

Hatua ya nne: kopo lililokwaruzika au kupauka, litoe jikoni.

MASWALI

Mwanachama wa Mkunazini: Bi Mwalimu, chupa za maji nazitia juisi ya ukwaju kila futari. Nikizisuuza kwa maji yanayochemka?
Jibu: Hapo ndipo unapozidisha, mwanangu. Chupa hizo zina antimoni kidogo, madini yanayotumika kuitengenezea plastiki hiyo, na utokaji wake hupanda sana joto likipita nyuzi 60. Tumia jagi la gilasi.

Mwanachama wa Chake Chake: Ndoo ya rangi imeoshwa vizuri, haifai hata kwa achari?
Jibu: Haifai kwa chakula chochote, shoga yangu. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na masalia ya rangi yameshazama kama yalivyozama manjano. Fulia nguo.

Mwanachama wa Ng'ambo: Basi niuache urojo upoe kabisa ndipo niufunge?
Jibu: La, usiuache vuguvugu kwa masaa, vijidudu huzaana, na hao humlaza mtu siku hiyo hiyo. Mteja asiye na chombo, mtilie kwenye kopo la namba 5 lenye alama ya gilasi na uma, umwambie auhamishe akifika tu nyumbani.

Mwanachama wa Wete: Wateja wa mjini wanataka halua kwenye vikopo vya plastiki. Naimwaga ikiwa moto ili ishike umbo.
Jibu: Halua ni sukari na samli, inatoka jikoni ikiwa na moto kupita maji yanayochemka. Imwage kwenye sinia, ipoe, uikate ndipo uipange. Au waulize wateja wako kama wanakitaka kikapu cha ukili. Mimi nikija Wete nitakitaka.